Mtu wa Mfalme na Posa ya Wattaya

Kwanza niseme wazi: yule mtu simpendi. Nimemsoma miaka na miaka, nimemfundisha kwa watoto wa watu mpaka nikastaafu, na hata sasa kitabu kinene cha maisha yake kiko juu ya friji ya mama yangu hapa Mawaleh, Maskati. Kimefunikwa kitambaa, maana mama hataki kutazamwa na uso ule akiwa jikoni. Macho yake yana ukungu, uso wa mjukuu wake haupati vizuri, lakini huyo wa juu ya jalada anasema anamuona vyema na kwamba ana jicho baya. Mimi nacheka, lakini kitambaa sikiondoi.

Alikuwa mtu wa mfalme. Mfalme mwenyewe ni yule wa Waingereza, mnene, mwenye wake sita, miaka kama mia tano nyuma huko. Majina yao sitayataja, kwa kuwa nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuyatamka sawasawa. Tumezoea kusema "Mzungu wako" na mambo yakaenda. Huyu Mzungu wangu hakuzaliwa nyumba kubwa. Baba yake alikuwa mfua chuma, mgomvi, mkono mwepesi. Kijana akakimbia kwao, akavuka bahari, akapigana vita vya watu wengine kule Italia, akafanya biashara ya vitambaa, akajifunza lugha na sheria bila kukaa chuo chochote. Akarudi anajua kila kitu na hajulikani na mtu. Akaingia kazini kwa kadinali mmoja aliyekuwa mkono wa kulia wa mfalme. Kadinali alipoanguka, wengi walimkimbia, yeye akabaki naye. Mfalme akaliona hilo, akamchukua. Toka hapo, mfalme akitaka kitu, yeye ndiye wa kukitafutia njia. Kumwacha mke, njia inapatikana. Mali ya nyumba za watawa nchi nzima, njia inapatikana, na jioni bwana anakula chakula chake bila wasiwasi. Ndiyo maana nikasema simpendi.

Mdogo wangu wa kiume yeye alimpenda toka siku ya kwanza. "Huyo ni mimi," alisema, na mama akamwambia, "Astaghfirullah, sema mengine." Lakini kweli walifanana. Baba yetu, tulipokuja kutoka Unguja, alifungua gereji mtaa wa Ghala, na mdogo wangu alikulia chini ya magari. Aliingia ofisini kama karani wa kupeleka faili, na kwa sababu alikuwa hajui kusema "haiwezekani," akapanda, akapanda, mpaka akawa mkuu wa ofisi ya mkubwa mmoja. Ofisi ipi sisemi. Maskati ni mji mdogo na watu wana masikio. Yatosha kusema kuwa huyo mkubwa akiumwa jino, mdogo wangu ndiye anayejua daktari. Akitaka kusafiri, mdogo wangu ndiye anayejua kiti gani hapendi kukaa. Na nje ya mlango wao palikuwa na watu asubuhi hadi adhuhuri, kila mmoja na shida yake, wanamngoja mdogo wangu atoke awasemeshe japo kidogo.

Kila Ijumaa baada ya sala alikuja kula kwa mama. Akishavua kofia tu anauliza, "Mwenzangu hajambo? Kafika wapi?" Nami namhadithia kipande. Mama naye anasikiliza, anauliza mambo yake: mama yake Mzungu yu wapi, kwa nini hasemwi, na mfalme mwenyewe anaswali? Tulicheka sana Ijumaa zile. Tulikuwa tumefika kwa mke wa tatu, aliyekufa kwa uzazi, na mama alimlilia kama mtu wa Mkunazini, mtaani kwetu Unguja.

Ijumaa moja mdogo wangu hakumuulizia mwenzake. Alikula matonge mawili matatu, akanawa, akanifuata jikoni akasimama kati yangu na mlango.

"Dada, nna kazi yako."

"Sema."

"Mkubwa wangu anataka kuoa."

Mkubwa wake alikuwa mgane. Mkewe alikuwa kafariki, Mungu amrehemu. Sikuona ajabu. Nikamwambia inshaallah kheri, sasa mimi nahusika vipi?

"Anataka katika watu wetu. Mtu mzima, si mtoto, mwenye utulivu. Yule binti wa kule mtaa wa Wattaya ambaye mama alimsifu arusini. Nimeshamtajia."

"Umemtajia vipi?"

"Nimemwambia ni mzuri, mtulivu, na kwao wameridhia."

"Wewe umemuona?"

"Mie nimuone wapi? Mama kamuona."

"Mama!" Nilipandisha sauti, nikakumbuka mama yuko chumba cha pili, nikaishusha. "Mama mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili! Mama ambaye hajapata kumuona mtoto wa mtu asiye mwezi!"

"Ndiyo nakwambia nenda wewe ukamtazame. Dada wa mkubwa wangu atakuja hapa kusikia kutoka kwako."

Kwetu picha ya mwanamwali haitoki. Kuna familia siku hizi zinatuma kwa simu, lakini watu wa Wattaya si hao, wala sisi si hao. Badala ya picha wanapelekwa wanawake. Wanakaa, wanakunywa kahawa, wanazungumza habari za hali ya hewa na magoti, na msichana anaingia na birika. Wakirudi, neno lao ndilo linaloaminiwa, na mwanamume anaoa kwa macho yao. Sasa mdogo wangu alikuwa kalitoa neno kabla macho hayajaenda. Kisa ni kwamba mkubwa wake kauliza, naye hakuzoea kujibu "sijui."

Nikaanza kucheka, si kwa furaha. "Unajua mke wa nne wa mfalme alipatikana vipi?"

"Dada, leo si siku ya Mzungu."

"Leo ndiyo siku yake hasa. Kaa."

Hakukaa, lakini alisikiliza. Nikamwambia jinsi Mzungu wangu alivyotaka mfalme aoe binti wa ukoo mmoja wa Ujerumani, kwa faida za kisiasa. Yeye mwenyewe hakumuona yule binti. Alimsifu kwa kusikia. Mchoraji akatumwa akamchore, picha ikaja, mfalme akaipenda. Binti akaja. Mfalme kwa pupa yake akaenda kumshtukiza njiani, kajibadilisha nguo kama mtu hivi hivi tu, na binti hakumjua. Alikuwa dirishani anatazama mchezo nje, akaendelea kutazama mchezo wake. Mfalme akatoka pale kanuna, akasema hampendi. Ndoa ikafungwa kwa lazima ya siasa, na hasira yote akaibeba yule aliyesifu. Maadui zake walikuwa wengi, walikuwa wakingoja tu. Siku moja kaenda kwenye kikao cha wakubwa kama kawaida, wakamkamata mezani, wakamvua nishani za shingoni kwa mikono yao wenyewe, wale wale aliokuwa akikaa nao. Aliandika kuomba huruma. Hakupewa. Siku aliyokatwa kichwa ndiyo siku mfalme alioa mwengine.

"Na mchoraji?" akauliza mdogo wangu.

"Mchoraji hakuguswa."

"Basi chora vizuri," akasema, akanibusu kichwani, akatoka. Simu yake ilikuwa imeshaanza kulia.

Toka hapo sikutulia. Nilikuwa naamka najua kuna kitu kibaya, halafu ndio nakumbuka ni kitu gani. Nikachukua funguo za gari siku moja nikamwambia mama naenda sokoni kununua vitunguu, nikaenda moja kwa moja mpaka pale soko la Mawaleh lilipokuwa, nikaegesha mbele ya mageti yaliyofungwa, na ndipo nilipokumbuka kuwa soko limehamishwa zamani. Nilikaa ndani ya gari nikajitukana. Nikarudi bila vitunguu, na mama hakuniuliza, kwani jikoni vitunguu vilikuwapo tele.

Nilikuwa nahofia nini? Nilihofia kumkuta msichana mbaya wa sura, au mwenye ulimi, au mgonjwa, halafu niwe mimi wa kuamua baina ya ukweli na kazi ya mdogo wangu. Hilo la kwamba ningemkuta mzuri, mtulivu, timamu, na bado nisipate usingizi, sikulifikiria kabisa. Mtu huogopa upande huu, balaa likamjia upande ule.

Tukaenda, mimi na mama, alasiri. Nyumba yao iko ghorofani nyuma ya maduka ya magari ya Wattaya, safi, inanukia udi toka ngazini. Mama yake binti alitupokea vizuri mno, vizuri kwa namna iliyoniumiza, maana ilionyesha kuwa kwao jambo limeshakwisha na sisi tumekuja kulimalizia tu. Halua ikaja, tende zikaja. Akaingia binti na birika la kahawa.

Alikuwa wa miaka thelathini na kitu, anafanya kazi maabara ya hospitali, mwembamba, mrefu, uso wa mtu anayefikiri. Mzuri, ndiyo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake mama yangu hakutia chumvi. Akaja mbele ya mama, akamimina.

Hapa Omani kahawa humiminwa kidogo, ya kufunika chini ya finjani tu, na mgeni huongezwa tena na tena mpaka mwenyewe aitikise finjani kusema basi. Hiyo ndiyo heshima. Finjani ikijazwa mpaka mdomoni, mgeni keshaambiwa: kunywa, mlango ule pale. Mtoto wa miaka saba anajua.

Yule binti alimjazia mama mpaka mdomoni.

Mama yake akashtuka, "Mwanangu, mkono huo!" Akacheka kwa haraka, akatugeukia, "Kaona haya, maskini." Mama yangu hakuona kitu. Alihisi uzito tu, akasema mashaallah, mkono wa ukarimu. Binti akaja kwangu. Akanijazia polepole, tone baada ya tone, mpaka kahawa ikawa inang'ara ukingoni, na wakati wote ule alinitazama machoni.

Nikanywa yote. Iliniunguza ulimi. Nikasema naomba kunawa mikono, nikamfuata jikoni.

"Umefanya makusudi," nikamwambia.

"Makusudi, mama."

"Hutaki."

"Sitaki."

"Baba yako hakukuuliza?"

"Kaniuliza. Nikanyamaza. Wakasema kimya cha mwanamwali ndiyo idhini yake, wakafurahi." Alikuwa anafuta birika ambalo halikuwa chafu. "Nikisema hapana, baba atakuwa kamrudisha mtu mkubwa kama yule, na kaka zangu bado wanatafuta kazi. Nikinyamaza, wananioza. Sasa nisemeje?"

Nikamuuliza kasoro ya yule mtu ni nini, kwa sababu umri si mkubwa kupita kiasi na jina lake ni zuri.

"Simjui kasoro yake. Simjui yeye. Na yeye hanijui, kasikia tu habari zangu." Akaliweka birika chini. "Naomba unikatae wewe, mama. Ukirudi, sema hukunipenda. Mimi nina ulimi, sina adabu, nimejaza finjani, sema lolote. Nyinyi mkinikataa, hapa kwetu hakuna atakayelaumiwa. Na nakuomba usimwambie mtu kuwa ni mie niliyesema."

"Na sisi tutakaolaumiwa?"

Akanishangaa, kwa dhati. "Nyinyi mtalaumiwa kwa lipi? Nyinyi watazamaji tu."

Hakujua habari za mdogo wangu, na mimi sikumwambia. Nilimshika mkono, nikasema nitaona, na siri yake itabaki kwangu. Njiani kurudi mama alisifu toka Wattaya: mwezi, mwezi wa kumi na nne, na mkono ule, na sauti ile, sauti aliyoisikia kwa maneno mawili tu. Mimi nilikuwa naendesha sioni njia. Nikapita mahala pa kuingia Mawaleh, nikajikuta naelekea Barka, nje ya mji, na mama akaniuliza kwani tunahama?

Mdogo wangu alikuja jioni ile ile, hakungoja Ijumaa. Nilimkuta nje, kwenye kivuli cha magari, kabla hajaingia kwa mama.

"Mtoto hataki," nikamwambia.

"Kasema yeye?"

"Kasema yeye, kwa mdomo wake, na kaniomba nisimwambie mtu. Nakwambia wewe kwa sababu ni wewe."

Akakaa juu ya ile ngazi ya chini, na kanzu yake nyeupe ile, juu ya vumbi. Sijamuona akikaa chini hivyo toka zama za gereji. "Nyumba inapakwa rangi, dada. Rangi nimechagua mie. Mkubwa wangu kaninyanyukia kitini jana, mbele za watu, kanishika bega, kasema huyu ndiye aliyenitafutia faraja."

"Mwambie ulikosea."

"Nimwambie nini? Niliposema, nilisema kama niliyeona. Hakuniuliza kama nimeona, na mie sikumwambia sikuona. Sasa nende nikamwambie eti yule niliyekusifia simjui, na hakutaki?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"We! Hujui ofisi, wewe." Akanyanyuka, akaanza kwenda huku na huku kati ya magari. "Kuna watu watatu pale wanakaa wakiningoja nijikwae. Mmoja wao mie ndiye niliyemtia kazini. Sema ndiyo, dada. Neno moja. Akishaingia ndani atazoea. Mama alimtaka baba? Wewe ulimtaka wako?"

"Mimi wangu alinizoea, mimi sikumzoea," nikasema, na huo ni ukweli ambao sote tulikuwa tukiujua na hakuna aliyepata kuusema.

Halafu akasema, taratibu kabisa, "Nimekuomba nini mie maisha yangu yote?"

Hakuniomba kitu. Hilo ndilo lililoniua. Mtu huyu ndiye aliyejenga nyumba tuliyosimama mbele yake. Nilipoachika alikuja na gari, akapakia vitu vyangu, hakuniuliza swali hata moja, wala mkewe hajapata kuniuliza. Nampenda mdogo wangu kuliko mtu yeyote aliye hai, na nikasimama pale nimekunja mikono kama askari, nikamwambia sijui nitasema nini. Aliondoka bila kuingia kwa mama. Mama akauliza, si nimesikia gari lake? Nikasema la, gari la jirani.

Zile siku mpaka mgeni kuja, sikuwa nafaa kwa lolote. Nilikuwa nikianza kupika naacha, nikianza kusali nasahau nimefika rakaa ya ngapi. Kitabu nilikishusha juu ya friji nikasoma ile sura ya mwisho tena, kana kwamba safari hii mambo yatakwenda vingine. Nikasoma na habari za yule bibi harusi wa picha. Miaka yote nilipofundisha nilimpita mbio, nilikuwa na haraka ya kufika kwenye shoka. Kumbe aliishi. Mfalme alimwacha, akamwita dada, akampa majumba, naye akaishi kwa raha zake mpaka akamzika mfalme na wengine wengi. Nikakifunga nikakirudisha mahala pake.

Dada wa yule mkubwa akaja. Mama wa watu, mstaarabu, mkongwe kidogo kuliko mimi, Mwarabu mtupu asiyejua Kiswahili, basi tukazungumza Kiarabu. Mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyemleta. Alimfungulia mlango wa gari, akamshika mkono ngazini, akamwekea mto mgongoni, halafu akasimama mlangoni kashika sahani ya halua, kama vile bado karani. Mama alikuwa kavaa nguo yake ya Idi. Tukanywa kahawa. Mgeni akauliza hali za magoti, akasikiliza jibu lote la mama, ambalo si fupi. Kisha akanigeukia mimi.

"Wamuonaje binti?"

"Mwezi!" akadakia mama. "Wallahi, mwezi!"

Mgeni akatabasamu, lakini macho hakuyatoa kwangu. Mdogo wangu alikuwa ananitazama juu ya kichwa chake. Hakunikazia macho, hakunitisha. Alikuwa ananiomba tu.

"Sikumpenda," nikasema. "Hafai kwa ndugu yako."

Mama akashika kifua. "Mtoto yule?"

"Hana adabu," nikasema. "Katujazia finjani, mimi na mama yangu, mpaka mdomoni. Mama hakuona. Mimi nimeona."

Ilikuwa uongo na haikuwa uongo. Mgeni akaniangalia muda, mwanamke mwenye akili, na nahisi alielewa zaidi ya nilichosema, kwa sababu hakuuliza zaidi habari za binti. Aliuliza jingine.

"Lakini huyu ndugu yako alitwambia anamjua. Alitwambia hivi na hivi."

Nilijua swali lile litakuja. Nililijua toka Wattaya. Na jibu lilikuwa moja tu, kwa sababu nikisema alimuona na kupendezwa, basi kwa nini mimi dada yake nisipendezwe, na maneno yatarudi Wattaya, na watachimba mpaka wamfikie mtoto wa watu.

"Ndugu yangu hajamuona hata siku moja," nikasema. "Alisema ya kuambiwa."

Sahani ya halua haikuanguka wala nini. Aliiweka mezani vizuri, akafuta vidole. Mgeni akaitikisa finjani yake, akasema kila kitu ni nasibu na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi, akamuombea mama shifaa ya macho, akaondoka. Mdogo wangu alimshika mkono ngazini kama alivyompandisha.

Hapa hawakati mtu kichwa. Wanampa cheo. Haikupita muda mdogo wangu akafanywa mshauri, chumba kikubwa zaidi, zulia, meza ya kung'ara, na mlango ambao hakuna mtu aliyekaa nje yake. Watu walimpigia mama kumpongeza. Mama akafurahi kutwa nzima, mpaka jirani mmoja akamweleza maana yake. Akaingia chumbani, akatoka amelia, akasema, "Fadhila ya punda mashuzi." Alimkusudia yule mkubwa. Kisha akanigeukia mimi, "Na wewe, ulimi wako! Kwa sababu ya finjani!" Nilikuwa nimemuahidi mtu, na ahadi ile, ukimwacha mdogo wangu, haikuwa na mlango wa nyuma hata wa mama yangu.

Kule Wattaya nako nimepoteza. Mama yake binti nikikutana naye arusini hanisalimii, ananipita na abaya lake na manukato yake. Ana haki, nimemtukania mwanawe mbele za watu. Binti mwenyewe sijamuona tena. Nimesikia kapanda cheo kazini kwake. Nimefurahi, na furaha yenyewe nimekaa nayo peke yangu, hakuna wa kumgawia.

Ijumaa mdogo wangu akawa haji, au anakuja anapojua mimi sipo. Wanasema mfalme yule alijuta. Baada ya miezi alilalamika kuwa wamemfanya amuue mtumishi wake mwaminifu kuliko wote. Nafikiri mdogo wangu naye alikuwa akingoja hayo, kwa sababu siku moja nilimuona kupitia dirisha la jikoni, kaegesha nje, hashuki, simu iko juu ya paja anaitazama. Nikataka kutoka nimwite. Nilifika mpaka mlangoni nikarudi, nikafika tena nikarudi, na nilipofungua alikuwa keshaondoka. Mkubwa wake alikuwa kaoa, mtu wa kwao, na mdogo wangu alialikwa akakaa mbali.

Ijumaa iliyopita alikuja. Nilikuwapo, na alijua nipo. Alimbusu mama mkono, mama akala kidogo akaenda kulala, tukabaki sisi wawili na sinia la wali kati yetu. Kapungua. Alikula, mimi nikijifanya natoa miba ya samaki ambayo nilishaitoa yote. Kisha akainua kidevu kuelekea friji.

"Mzungu wako," akasema. "Alikuwa na dada?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja toka siku zile. "Alikuwa nao wawili," nikasema.

"Walifanya nini, alipokamatwa?"

"Walikuwa wameshakufa. Zamani."

Akameza tonge.

"Bahati yake," akasema.

Nikangoja acheke. Sisi kwetu mzaha wa namna hiyo, msemaji ndiye anayecheka kwanza, ndipo na mwengine apate ruhusa. Nilikuwa nimeshaanza kufungua mdomo. Hakucheka. Aliniomba chumvi, nikampa.